Kiroba Chini ya Meza

Kwa maelezo ya jirani muuza mkaa, yule mwalimu wa chuo alionekana kwa macho, mchana kweupe, akipakia kiroba cha mitihani ya watoto wa watu kwenye gari jeusi. Gari lenyewe lilikuwa limewashwa, mlango wa nyuma uko wazi, na ndani ameketi mwanamume mwenye miwani ambaye hakugeuza hata shingo. Jirani alisimulia hayo bombani, ndoo yake ya kwanza ikijaa. Ilipofika ndoo ya pili, mwalimu alikuwa ameshakula hongo ya watoto wa matajiri. Ilipofika ya tatu, karatasi za watoto wa maskini zilikuwa zimeshatupwa mtoni. Mpwa wa jirani huyo alikuwa mmoja wa wale wanafunzi sitini na mmoja ambao matokeo yao hayakutoka. Wenzao wote wamebandikiwa alama ubaoni, wao wamewekewa kistari.

"Na alivyo na sura ya upole," jirani alisema. "Si wewe unafagia huko huko, Chapu? Hebu tuambie, mnasikia nini?"

Chapu alisema hajasikia kitu. Yeye ni mtu wa ndoo na mopu, mambo ya walimu atayajulia wapi.

"Mdomo huo unauwekea akiba ya nini?" jirani akamuuliza, na wanawake wote wakacheka.

Chapu naye alicheka kidogo ili asionekane tofauti. Akajitwika ndoo, akaondoka. Njiani alikwenda haraka mpaka maji yakammwagikia mabegani. Hakukuwa na gari jeusi. Hakukuwa na mwenye miwani wala mto. Kiroba kile alikibeba yeye mwenyewe, begani, Alhamisi ya wiki iliyopita, akakipeleka shimoni nyuma ya maabara, akakichoma moto.

Nyumbani mama yake alikuwa kitandani, anajikanda miguu iliyovimba. Alimuuliza mbona amebakiza chai. Chapu alisema ilikuwa ya moto mno. Mama akasema kama kuna mahali panamuuma aseme mapema, kwa sababu yeye Chapu akilala, nyumba nzima imelala.

Ilikuwa hivi. Kule chuoni, ofisi namba nne ina walimu sita na meza tatu. Wanakaa kwa zamu, kama wagonjwa wanaopokezana kitanda. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa meza ya dirishani ni ya yule mwalimu aliyesemwa bombani, mwanamke ambaye wanafunzi wamembatiza Redio. Jumanne na Alhamisi ni ya mwalimu wa Takwimu. Jina la Redio lilitokana na ukumbi mkubwa, ambako wanafunzi mia tatu na ushee wanabanana na maiki ilikufa kabla Chapu hajaajiriwa. Redio alifundisha kwa koo. Chapu akiwa anapiga deki ngazi za nje alikuwa anamsikia neno kwa neno, na kuna mambo ya mapato na matumizi ya nchi aliyajua kwa njia hiyo. Mwaka huu koo lilianza kukwama. Wanafunzi wakasema redio imeishiwa betri. Kisha wakaambiwa wawape walimu alama kupitia simu zao, na waliokaa nyuma wakabonyeza kwamba hasikiki. Karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa idara, mbele ya kila mpitaji: utendaji hafifu. Mwaka mzima hakuna aliyepeleka fundi kwenye maiki, ila wa kuhesabu waliobonyeza alipatikana siku hiyo hiyo.

Sheria ya chuo inasema karatasi za mtihani zisitoke nje ya geti. Walinzi wanapekua mikoba. Ofisini hakuna kabati. Redio alikuwa na mafungu matatu ya kusahihisha peke yake. Mawili alikuwa ameyamaliza na kuyakabidhi kwa karani. La tatu alikuwa katikati, na alilitia kwenye kiroba kilichokuwa cha sukari, akakifunga kwa kamba. Jumatano jioni, kwa kuwa kesho yake meza haikuwa yake, alikisukuma chini ya meza, kwenye pembe, pale ambapo mguu wa mtu haufiki.

Wafagiaji nao wana sheria yao. Siku ya kwanza kabisa msimamizi wa kampuni ya usafi alimfundisha Chapu hivi: kilicho juu ya meza usikiguse hata kama ni ganda la ndizi, kilicho chini ni chako, zoa. Kuna mwenzao aliwahi kupangusa meza ya mwalimu akachanganya karatasi, akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo hakuna aliyesahau.

Alhamisi ile wakaguzi walikuwa wanakuja. Tangu asubuhi watu wa usafi walikuwa wanahamisha viroba vya mitihani ya miaka ya nyuma vilivyorundikwa koridoni, kwenda kuchomwa. Mkuu wa idara mwenyewe alipita mlango kwa mlango, amevaa viatu vipya vinavyolia, akasimama katika ofisi namba nne na kusema kila kilicho chini kiondoke, anataka kuona sakafu. Msimamizi akaitikia, ndiyo mheshimiwa. Chapu akainama, akakivuta kiroba. Kilikuwa kizito. Alikitwaa kama alivyotwaa vingine kumi na vitano kabla yake.

Kule shimoni ndipo mashaka yalipomshika. Alipokikung'uta kiroba, karatasi moja iliteleza ikaja miguuni pake. Majibu yamejaa ukurasa mzima kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka, na hakuna wino mwekundu hata nukta. Zile za zamani zote zilikuwa na wekundu, vema na makosa, na alama zimezungushiwa duara juu. Aliiokota. Akasimama nayo. Akawaza amuulize nani, na kwa maneno gani. Msimamizi akaita kutoka pembeni mwa maabara kwamba wageni wako getini, Chapu, unakaanga nini huko. Moshi ulikuwa unamwingia machoni. Akaitia motoni.

Siku nane zilikuwa zimepita, na hajalala usingizi mmoja ulionyooka.

Asubuhi hiyo hiyo ya bombani, alipofika kazini, kabla hawajagawiwa sabuni, ile iliyotiwa maji mpaka haitoi povu, na glavu, ambazo mmoja anapata ya kulia na mwenzake ya kushoto, msimamizi aliwakusanya stoo. Aliwaambia saa nane kuna kikao kuhusu mitihani iliyopotea. Aliwaambia mkataba wa kampuni na chuo unakwisha mwezi huu na wapo wengine wanaounyemelea. Akasema mfagiaji akiwa kazini ana mikono tu, macho na masikio anayaacha nyumbani.

"Mwenye hamu ya kusema, aseme akiwa ameshavua sare," alimalizia. "Na asidhani polisi wakija watamkamata mwalimu. Polisi wakikosa pa kuanzia, huanza na mwenye ufagio."

Wenzake waliguna, mmoja akacheka kwa woga. Msimamizi alizunguka na macho yake uso kwa uso, lakini kwa Chapu aliruka. Siku zote mtu huyu humtazama, humtania, humwita mkimbiza upepo. Sasa amemruka kama shimo la barabarani. Anajua. Alikuwepo shimoni, na anajua.

Ubaoni, karibu na ofisi ya mkuu, kulikuwa na tangazo jipya. Chapu alimaliza darasa la saba na kusoma hakukumshinda, ila husoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma huku akijifanya anafuta kioo cha ubao. Suala la upotevu wa mali ya chuo litakabidhiwa kwa vyombo vya dola Jumatatu. Akarudia: vyombo vya dola. Kitambaa kilibaki pale pale kwenye kioo mpaka mtu alipopita nyuma yake, akashtuka na kuendelea kufuta palipokwisha kung'aa.

Redio aliingia saa tatu. Alikuwa amevaa gauni lile la buluu la siku za mikutano, na kitambaa shingoni. Zamani akiingia ofisi namba nne hupokewa kwa kelele. Mwalimu wa Takwimu, mtu mnene wa vichekesho, alikuwa na kawaida ya kumwita dada yangu wa tumbo moja, tumbo lenyewe njaa. Leo Chapu, aliyekuwa anafuta dirisha, aliona vichwa vikiinamia karatasi kwa pamoja. Mmoja alihamisha mkoba wake kutoka sakafuni akauweka juu ya kiti kitupu, kiti pekee kilichokuwa kitupu. Mwalimu wa Takwimu akachomoa simu, akaiweka sikioni, akatoka nje akisema ndiyo, ndiyo, nakusikia. Alipompita Chapu mlangoni, kioo cha simu kilikuwa cheusi tii.

Ilikuwa Ijumaa, meza ya dirishani ni ya Redio. Juu yake kulikuwa na vitabu vya mtu mwingine. Hakuvisogeza. Alisimama dirishani kama abiria anayesubiri, akafungua mkoba, akafunga, kisha akaenda kufundisha.

Chapu aliutumia muda wote huo kujisemea. Akijieleza, atasema aliambiwa. Aliambiwa na nani? Na mkuu wa idara. Na karatasi iko wapi? Hakuna karatasi, alisema kwa mdomo. Nani alisikia? Msimamizi. Na msimamizi atasema nini? Kila mara alipofika hapo alikuta ukuta, akarudi mwanzo. Hakuwa mwizi. Lakini alikuwa ameishika ile karatasi isiyo na wekundu, na hakuna aliyemlazimisha kuitia motoni. Hilo halikuwa la mkuu wala la msimamizi, lilikuwa lake.

Saa sita alikuwa chooni kwa walimu wanawake, anasugua sinki, Redio alipoingia. Alikuwa na chupa ya maji ya chumvi. Alisukutua, akatema, akasukutua tena. Kisha akafungua milango ya vyoo vyote, mmoja mmoja, akahakikisha ni vitupu.

Chapu alimwamkia. Redio akaitikia kwa sauti iliyokwaruza.

"Mdogo wangu, saa nane wananitaka niwaletee mtu mmoja," alisema. "Mmoja tu, wa kusema kile kiroba kilikuwa ofisini. Nimewauliza wenzangu watano. Mmoja anasema siku hiyo kichwa kilimuuma. Mwingine anasema yeye huwa hatazami chini. Miaka miwili tunapokezana meza."

Alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Akaegemea sinki mpaka kikapita. Akaeleza, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba asipopatikana mtu itaandikwa alizitoa karatasi nje ya geti, na kila mtu anajua mtu hutoa mitihani nje kwa sababu gani. Mkataba wake hautaendelea. Hilo alishaanza kulizoea. Lakini wale watoto sitini na mmoja watapewa sifuri, kwa kuwa karatasi iliyouzwa ni sawa na mtihani ambao haukufanywa. Ikithibitika zilipotelea ndani ya chuo, chuo kitalazimika kuwapa mtihani mwingine.

"Sikuulizi kilikwenda wapi," Redio alisema. Alikuwa anamtazama Chapu ndani ya kioo, si usoni. "Sitaki kujua. Sema kilikuwepo, basi. Alhamisi asubuhi, chini ya meza ya dirishani. Wewe ndiye unayeinama humo kila siku."

"Wataniuliza mengine, mwalimu."

"Nitasema mimi ndiye niliyekiweka chini. Nitalibeba hilo."

Chapu aliendelea kusugua mahali pamoja. Hakuweza kujua kama mwalimu huyu anajua, au anakisia, au anatapatapa tu kama mtu anayezama, anakamata chochote kilicho karibu. Alitaka kusema samahani, na aliogopa kwamba neno hilo likitoka litavuta mengine nyuma yake.

"Nina deki ya ghorofa ya juu, mwalimu," alisema, akachukua ndoo.

Juu hakukuwa na deki. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, karibu na mlango wa paa, magoti yamebana kifua. Alimfikiria mpwa wa jirani muuza mkaa, kijana anayepiga pasi shati lake moja kila jioni mpaka limeanza kung'aa mabegani. Akamfikiria mama yake na miguu ile. Akafikiria mahabusu, ambako hajawahi kufika, na kwa sababu hajawahi kufika alipajaza kila kitu. Chini kengele iligonga saa saba, na baadaye msimamizi akapanda ngazi nusu, akaita bila kumtazama: anayepeleka maji kikaoni leo hayupo, ni zamu ya Chapu.

"Unapeleka maji," alisema. "Umenielewa? Maji."

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mkuu wa idara alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake walikaa wawili kutoka utawala, mwanamume mwenye tai na mama mmoja mtu mzima aliyevaa miwani. Kushoto karani wa kumbukumbu, kisha mwalimu wa Takwimu kwa niaba ya wenzake. Redio aliwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango, kwenye kiti kifupi kuliko vingine, hivyo meza ilimfika kifuani. Chapu alianza kugawa glasi, akipita nyuma ya viti, akijitahidi sinia lisigongane na kitu.

Mkuu wa idara alikuwa anasoma. Alianza na utendaji hafifu. Alisoma asilimia za waliobonyeza hasikiki, moja baada ya nyingine, kisha akauliza kikao kinamtarajia nini mwalimu wa namna hiyo.

Redio aliomba isemwe pia kwamba maiki ni mbovu na kwamba yeye aliandika barua. Aliandika tatu. Aliomba maiki, aliomba kabati lenye kufuli, aliomba mtu wa kusaidia kusahihisha. Ilibidi wote wainame mbele ili kumsikia.

"Barua hizo hatujaziona," mkuu alisema.

Chapu alikuwa nyuma yake na jagi. Mbili kati ya barua hizo alizikuta yeye kwenye pipa la taka la ofisi ya huyo huyo mkuu, zimekunjwa mara nne. Alizisoma akiwa amesimama, mfuko wa taka mkononi, na pembeni kumeandikwa kwa kalamu ya kijani neno moja: tumeona. Kalamu ya kijani ilikuwa mbele yake sasa hivi, imelala juu ya faili. Alimimina maji taratibu sana.

Mama wa utawala alimgeukia mwalimu wa Takwimu. Alimuuliza, kwa kuwa wanatumia meza moja, na kwa kuwa Alhamisi ilikuwa siku yake, alikiona hicho kiroba au hakukiona. Mwalimu wa Takwimu alinywa maji. Akasema ofisi ile ina vitu vingi. Akasema hawezi kuapa kwamba hakikuwepo, na hawezi kuapa kwamba kilikuwepo. Alisema hayo akiitazama glasi, na glasi ilikuwa tupu.

"Basi," mkuu alisema. "Mwalimu hana shahidi."

"Yuko mtu anayefagia ofisi yetu," Redio akasema. "Yumo humu ndani."

Kikao kizima kilimtafuta mtu huyo kwa macho, kikampita mara moja, ndipo kikamwona. Mkuu wa idara alisema huyo ni mtu wa kampuni, si mtumishi wa chuo, na utaratibu hauruhusu. Mwenye tai aliunga mkono. Mama wa utawala alivua miwani, akaifuta, akasema utaratibu haukatazi mtu kuulizwa swali moja akiwa amesimama papo hapo na maji.

Mkuu alisogeza kiti nyuma. Viatu vyake vililia sakafuni. Kwa mara ya kwanza alimtazama Chapu, na katika macho yale Chapu aliona kitu ambacho hakukitarajia kwa mtu mkubwa namna ile. Mkuu naye alikuwa anaogopa. Ile Alhamisi ilikuwa imemrudia, sakafu, kiroba na amri aliyoitoa kwa mdomo. Na mtu mkubwa akiogopa, Chapu alijua, kuna mdogo atakayelipa.

"Una la kusema, dada?" mkuu aliuliza, polepole, kama anayemfungulia mtu mlango ili atoke.

Mlangoni msimamizi wa usafi alikuwa amesimama nje, bega moja tu linaonekana.

Redio aligeuka kwenye kile kiti kifupi. Alilegeza kitambaa shingoni ili sauti ipate pa kupita.

"Mdogo wangu, waambie kama ulikiona," alisema. "Si zaidi ya hapo."

Jagi lilikuwa zito. Chapu alilishika kwa mikono miwili, akaukandamiza mdomo wake wa kioo kifuani, baridi ikapenya sare. Mwalimu wa Takwimu alifumba macho. Karani wa kumbukumbu alifungua ukurasa mpya, akaandika saa pembeni, akainua kalamu, akasubiri. Alimtazama mkuu, akamtazama Redio, mwisho akamtazama Chapu.

"Niandike nini?" aliuliza.